Nusu ya Kiingereza ya Yaya Feza

Siku hizi hapa Kasongo mpunga unakobolewa na mashine, lakini makapi bado yanachomwa nyuma ya nyumba vilevile, na moshi wake ni uleule wa zamani, mkavu, mtamu kidogo, unaokwaruza koo. Kila ninapounusa, ndugu zangu, simkumbuki bibi wala sikukuu. Nakumbuka Kiingereza. Najua mnacheka, ngojeni kwanza.

Tulikaa nje kidogo ya mji, kwenye njia ya kwenda Nyangwe, mimi, mama, na dada yangu mkubwa Feza, ambaye nilimwita Yaya kama mdogo yeyote anavyomwita mkubwa wake. Baba alikuwa amefariki nikiwa bado nabebwa mgongoni. Yaya alikuwa na diploma ya sekondari. Ilitundikwa ukutani juu ya gunia la chumvi, na tangu siku ilipotundikwa hakuna mtu aliyeomba kuiona. Alilima kama sisi. Kisha redio ya mjini ikatangaza kwamba kampuni ya wageni iliyokuwa ikifungua kazi ya dhahabu Salamabila inatafuta wakalimani, na kwamba mtihani utafanyika Kasongo baada ya mavuno.

Yaya alisikiliza tangazo lile akiwa amesimama, na akaendelea kusimama hata redio ilipoingia kwenye muziki. Sijawahi tena kuona mtu akitaka kitu namna ile.

Kiingereza alikuwa nacho kidogo. Kilichomsumbua ni vitenzi. Mwalimu wake wa sekondari alikuwa amewafundisha kwamba kila kitenzi cha Kiingereza kina nomino zake kilizozioa, na huwezi kuzitenganisha hata akili yako ikikataa. Ukikosea, hilo kosa ume-"make", lakini kazi ya shule una-"do". Picha una-"take". Na chakula cha asubuhi, ajabu kubwa, hukili wala hukipiki, una-"have" tu, kana kwamba kimelala mfukoni. Ukiuliza sababu, unaambiwa ukariri. Mama alisikia hayo akiwa anapepeta mchele, akacheka hadi nusu ikamwagika.

"Sisi tunapiga foto, tunapiga simu, tunapiga paasi, tunapiga makelele," alisema. "Neno moja linafanya kazi yote, halichoki. Kumbe kwao kazi iko mingi, hata maneno yote imepata!"

Mpunga wetu tuliutwanga wawili katika kinu kimoja. Mchi wa kwanza unashuka, unapopanda wa pili unashuka, na mpokezano huo haukatiki. Ukichelewa, michi inagongana, na vidole vyako ndivyo vinavyolipa. Yaya aliona kwamba hapo kuna shule ya bure.

"Mi nitapiga ya kwanza, we utapiga ya pili," aliniambia. "Usiwaze. Ukiwaza utachelewa."

Basi yeye akishusha mchi anasema "make", mimi nikishusha wangu nasema "a mistake". "Take", "a photo". "Do", "the homework". "Have", "breakfast". Mlolongo ulikuwa mrefu, na nilikuwa bado naota meno ya mbele, sikujua maana ya mengi niliyoyatamka, lakini mikono ilijua. Kabla mavuno hayajaisha hatukuwa tukikosea hata mara moja. Wapita njia walisimama kutusikiliza, na mzee mmoja jirani yetu, Mwislamu, alisema tunamkumbusha watoto wa chuo cha Kurani wanavyosoma. Mama alitutia moyo kwa methali yake: mchumia juani hulia kivulini. Jua tulikuwa nalo la kutosha.

Siku ya mtihani nilimsindikiza mpaka mjini. Walihojiwa mmoja mmoja katika ukumbi wenye madirisha mapana, nasi wasindikizaji tukajazana nje tukichungulia. Mlinzi alituonya mapema: "Mutu akifungua kinywa, namufukuza, na ule wa ndani anatoka naye."

Ningependa kuwaambia kwamba mwanamke mgeni aliyemhoji Yaya alikuwa mkali. Alikuwa mpole. Alimwomba tu aeleze asubuhi yake nyumbani. Yaya aliketi wima, akasema kwa sauti safi kabisa, "In the morning I have," akanyamaza.

Nilidhani anameza mate. Yule mwanamke akangoja. Yaya naye akangoja. Kisha akajaribu tena, "Then I make," akakwama palepale. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeinuka kidogo juu ya meza, na nilipouona mkono ule nikaelewa. Alikuwa akinisubiri mimi. Muda wote wa kutwanga nomino hazikuwahi kupita mdomoni mwake. Zilikuwa kwangu, zote, zimenijaa kinywani pale dirishani, na mlinzi alikuwa ananitazama. Breakfast, nilisema moyoni. Breakfast, Yaya.

Aligeuza macho, akaniona. Mwanamke yule akamshukuru, akaita jina lingine.

"Itakuja ingine," mama alisema tulipofika nyumbani. Haikuja. Njia ya Kabambare ilijaa watu wenye silaha, wageni wakafunga mizigo yao wakaondoka, na redio iliyotutangazia kufika kwao haikutangaza kuondoka kwao. Yaya akaolewa kule Lusangi. Analima, na mume wake anachimba dhahabu ambayo hatujawahi kuiona. Miaka yote hiyo, akikutana na mgeni, alikuwa akisema bila kuulizwa, "Mi nilianguka teste juu ya kujifunza vibaya." Nilikuwa nikiumia kila nikimsikia.

Juzijuzi nilipeleka vitenge Salamabila. Dereva wa pikipiki iliyonibeba alikuwa mtu wa makamo, na alipojibu simu kwa Kiingereza, kila kitenzi kilikuwa na mwenzake. Nikamuuliza alikisomea wapi. Tukaongea, ikatokea kwamba alikuwepo kwenye mtihani ule wa Kasongo, tena alishinda wote.

"Hatukuitwa hata mumoja," aliniambia. "Wakalimani wao walikuja nao tangu kwao. Walitupima tu ili waseme walitafuta wenyeji."

Nililia nyuma ya pikipiki ile, na ilikuwa furaha. Yaya hakupoteza kitu! Nikaona nimepata dawa, nikaipeleka moja kwa moja Lusangi.

Nilimkuta akimenya mihogo na binti yake mkubwa, akimfundisha Kiingereza, kitenzi na nomino kwa pumzi moja. Nilimvuta pembeni, nikamweleza yote. Nilitazamia acheke, au angalau ashushe pumzi. Aligeuka kwanza kumtazama binti yake kule kwenye mihogo.

"Umeambia nani mwengine?"

"Hakuna mutu, Yaya."

"Basi usiambie mutoto."

Nilikuwa nimedhani kosa lile ni mzigo wake, na kwamba nimekuja kumtua. Kumbe ndilo lililomsimamisha miaka yote. Maadamu kosa lilikuwa lake, basi mlango ulikuwepo, na anayejifunza vizuri angeweza kuupita. Mimi nilikuja kumwambia kwamba pale palikuwa ukuta tangu mwanzo. Sijui dawa ya habari kama hiyo, na sidhani ipo.

Tukarudi kwenye mihogo.

"Mama mudogo," binti aliniuliza, "kule Salamabila wazungu wangali wanatafuta wakalimani?"

Yaya aliinamia kisu chake, hakunitazama.

"Wanatafuta," nilimjibu.