Mbuzi Hawauzwi

Ugonjwa wa sotoka ulipomaliza ng'ombe wetu kule Mabira, nilikuwa bado bibi harusi machoni pa watu. Ng'ombe wale walitupatia maziwa, na samadi yao ndiyo iliyolisha kibanja, shamba la migomba lililozunguka nyumba. Baadaye mvua nazo zikakatika. Majani ya migomba yakawa yanajikunja mchana, na mikungu ikatoka myembamba, ya kutia huruma.

Baba yangu alitupatia mbuzi wachache. Wakwe zangu walikuwa watu wa ng'ombe, na kwao mbuzi alikuwa mnyama wa kudharauliwa. Mimi sikujali. Kila asubuhi nilizoa kinyesi cha mbuzi, nikakichanganya na majivu na maganda ya ndizi, nikakifukia kando ya mashina. Juu yake nilitandaza nyasi nilizokata rweya, ile mbuga iliyo nje ya kijiji, ili jua lisiikaushe ardhi. Katikati ya migomba nilipanda maharage. Wanawake waliopita njiani walinicheka. Mume wangu alinisaidia kukata nyasi, lakini kikapu cha samadi hakukigusa.

Siku moja kaka yake mkubwa akaja na mfanyabiashara Mwislamu mwenye asili ya pwani, aliyekuwa na duka kwenye njia ya misafara. Nilipiga magoti nikawasalimu kwa heshima. Shemeji hakuketi.

"Fungua zizi," akasema. "Huyu bwana atachukua mbuzi, atupatie nguo. Kisha tuhamie Nyabiyonza. Hapa pamekufa."

Nikainuka, nikaenda kusimama mlangoni pa zizi.

"Hapajakufa, shemeji. Njoo uone."

"Nikaone kinyesi cha mbuzi?"

Nilifunua nyasi kwenye shina la karibu, nikachimbua udongo kwa vidole, nikamnyooshea. Alirudi nyuma kana kwamba nimemtolea nyoka. Yule mfanyabiashara ndiye aliyeupokea, akauminya kiganjani.

"Una unyevu," alisema. Kisha akaniuliza kwa upole, "Mama, mbuzi hawa ni wa nani?"

"Wametoka kwa baba yangu. Wakiondoka, migomba hii itakufa."

Akamgeukia mume wangu, aliyekuwa amesimama kando. Mume wangu alikuwa hajawahi kumpinga kaka yake mbele ya mgeni. Alikwenda akasimama mlangoni pa zizi.

"Mbuzi hawauzwi," akasema.

Shemeji alimtazama, kisha akanitazama mimi. "Basi njaa ikiwabana, msije kulia kwangu."

"Hatutakuja," nikamjibu.

Shemeji alihamia Nyabiyonza bila sisi. Na njaa ilitubana kweli. Migomba ya upande wenye mawe ilikufa yote. Tukaing'oa, tukapanda mtama na njugumawe. Zilikuwapo siku tulizokula viazi vitupu na kulala. Lakini mume wangu alianza kubeba kikapu cha samadi mwenyewe, mchana kweupe, akipita mbele ya wale wale waliokuwa wakinicheka. Walipomtania, aliwaambia waje wachukue nao, samadi ipo ya kutosha. Hatukwenda kwa shemeji hata mara moja.

Mvua ziliporudi, migomba iliyobaki ilizaa mikungu ya kumtoa mtu jasho kuibeba. Mke wa shemeji akaja kwa miguu kutoka Nyabiyonza kuomba machipukizi ya kupanda. Nilimpa mazuri, nikamfungia na maharage ya mbegu. Shemeji mwenyewe hakuja. Nami sikumngoja.

Baadaye tulipata mtamba wa ng'ombe kwa kubadilishana na maharage yetu. Jirani mmoja mzee akamwambia mume wangu kwamba sasa amerudi kuwa mtu wa ng'ombe, awaondoe wale mbuzi, wanamtia aibu. Mume wangu alicheka, akaniita nijibu mwenyewe. Nikamshika mtamba kamba, nikamwingiza katika zizi lile lile, nikamfunga katikati ya mbuzi.