Ngazi ya Kanchoro

Watu wa Isiolo walimjua Asho Abdillahi kwa mambo mawili: chai yake ya maziwa ya ngamia na sauti yake. Chai aliiuza katika kibanda cha mabati karibu na soko la mifugo. Sauti aliitoa harusini, na kule mtaani kwao, Bulla Pesa, bibi harusi aliyetoka kwao bila Asho kumwimbia alionekana kama ameolewa kwa siri. Maneno alitunga mwenyewe, papo hapo, ngoma ikiendelea. Ukitajwa na Asho, uwe umesifiwa au umechekwa, jina lako lilikaa vinywani mwa watu msimu mzima.

Kwa hiyo uchaguzi wa mwaka wa sabini na tisa ulipokaribia, Mzee Kahin alimwendea mapema. Kahin alikuwa diwani tangu Deqa, binti wa Asho, hajazaliwa. Alikuwa pia mjomba wa Asho, na ndiye aliyemtafutia mahali pa kibanda mumewe alipofariki.

"Mpwa wangu," alisema, "huyu Kanchoro ananisumbua. Mnunuzi wa ngozi! Juzi alikuwa ananuka chumvi, leo anataka kiti changu. Nitungie maneno mawili tu, watu wacheke."

Kwenye karatasi ya kura kila mgombea alikuwa na alama yake, maana wapiga kura wengi hawakujua kusoma. Kahin alipewa taa. Kanchoro alipewa ngazi. Asho aliiwaza ile ngazi huku akichochea moto, na kabla birika halijachemka wimbo ulikuwa tayari:

*Ngazi bila ukuta, itaegemea wapi?*
*Kanchoro akipanda, ataangukia wapi?*

Aliuimba kwa Kiswahili ili Mborana, Mturkana, Mmeru na Msomali wote wacheke pamoja. Ukaenea kama moto kwenye nyasi za kiangazi. Watoto waliruka kamba nao. Mzee Kahin akampandisha Asho kwenye lori la Hirsi, kaka yake Asho, wakazunguka hadi manyatta za upande wa Gotu. Aliimba kwenye visima, mbele ya watu ambao hawakuwa wamesikia habari ya uchaguzi wowote, nao wakashika mbavu.

Hakuna aliyedhani Kanchoro atashinda. Hata wafuasi wake walimfanyia kampeni kwa sauti ya chini, kama watu waliokuja kuomba msamaha.

Asubuhi ya matokeo Asho alikuwa anamimina chai wakati kelele zilipotoka upande wa ukumbi wa kuhesabia kura. Mchuuzi mmoja wa mbuzi akaja anakimbia.

"Kanchoro!" alisema. "Kanchoro amechukua kiti!"

Mtu akacheka, akidhani ni mzaha. Mchuuzi akaapa. Ndipo mzee aliyekunywa chai hapo kila siku akaweka kikombe chini kikiwa nusu, akaondoka bila kumtazama Asho usoni. Wengine wakafuata, mmoja mmoja.

Duka la jirani lilikuwa la Hezekiah, Mmeru, na mkewe Wangui. Asho alimkuta Wangui amesimama nyuma ya kaunta, ameshika picha ya Mzee Kahin waliyokuwa wameitundika ukutani.

"Mama Deqa, hii nitaipeleka wapi?" alisema Wangui. "Nikiichoma wataona moshi. Nikiiacha wataiona."

"Iweke chini ya gunia la sukari."

"Na wewe, huo wimbo wako utauweka chini ya gunia gani?"

Wangui hakusema kwa ubaya. Lakini neno hilo lilimkaa Asho kama mwiba wa samaki.

Siku zilizofuata mji ulijaa uvumi. Ilisemwa vibanda vya sokoni vitabomolewa, vipewe watu wa Kanchoro. Ilisemwa Wasomali wa Bulla Pesa wataulizwa babu zao walitoka wapi. Babu yake Asho aliletwa na Waingereza baada ya kupigana vita vyao, akaambiwa achunge ngamia wake hapo Isiolo, na hapo ndipo alipozikwa. Asho mwenyewe hakujua mahali pengine pa kurudi. Naye Hezekiah, aliyekuja kutoka Meru miaka michache tu iliyopita, alianza kufunga duka kabla ya jua kuzama.

Wimbo ndio uliomtesa zaidi. Ulikataa kufa. Asubuhi alisikia wasichana wakiuimba wakienda shule. Mchana mchunga ng'ombe alipita akiupiga mluzi. Asho akawa anawapa watoto mandazi ili wanyamaze, na watoto, kwa kuwa si wajinga, wakaongeza kuimba.

Kisha askari wawili wa kanjo, wale wa halmashauri ya mji, wakaja na utepe wa kupimia. Walipima upana wa barabara, wakapima kibanda cha Asho mbele na ubavuni, wakanong'onezana.

"Mnapima nini, ndugu zangu?" aliuliza Asho.

"Tumetumwa," alijibu mmoja.

"Na nani?"

"Mama, tumetumwa."

Wakakataa hata chai ya bure. Hapo Asho akajua mambo yameharibika, maana hakuwa ameona askari wa kanjo akikataa chai ya bure tangu azaliwe.

Hirsi alikuja akamkuta amekaa mbele ya moto uliozimika.

"Fungasha vitu," alisema. "Kesho napeleka mzigo Garba Tula. Wewe na Deqa mtakaa kwa shangazi mpaka mambo yapoe."

"Abowe, kaka yangu, nikikimbia watasema nimekubali kosa."

"Na ukikaa?"

"Mtu hufukuzwa kwa sababu ya wimbo?" aliuliza Asho.

"Mtu hufukuzwa kwa sababu ndogo kuliko hiyo," alisema Hirsi. "Lakini wewe ni mtu mzima. Mimi nimesema."

Alikaa. Hakukaa kwa ushujaa. Alikaa kwa sababu mitihani ya Deqa ilikuwa karibu, na kwa sababu hakutaka kibanda kikutwe hakina mtu.

Baadaye mjumbe alifika, kijana wa Kanchoro, akasimama mlangoni bila kuvua kofia. "Mheshimiwa anasema Jumamosi kuna baraza la shukrani uwanjani. Anataka ukae mbele."

"Mbele nifanye nini?"

"Mimi nimeambiwa mbele tu."

Jumamosi hiyo Asho alivaa guntino yake nyeupe, shuka la kufunga begani, lile la matanga. Wangui alipomwona, akafunga duka na kumfuata. "Wakikufanyia kitu, angalau nitakuwa nimeona," alisema. Walikaa pamoja kwenye mkeka wa mbele, jua likichoma.

Kanchoro alisimama. Alikuwa mtu mfupi, mwenye mikono iliyochujuka kwa chumvi ya ngozi, na hakujua kuhutubia. Alishukuru Mungu, akashukuru wazee, kisha akanyoosha kidole kwenye mkeka.

"Yule mama yuko hapa," alisema. "Asho binti Abdillahi. Simama, mama, watu wakuone."

Asho akasimama. Wangui akamshika pindo la nguo.

"Mimi sikuwa na gari," alisema Kanchoro. "Sikuwa na mtu wa kunitangaza. Huko Gotu nilifika mara moja, kwa miguu, na hakuna aliyenikumbuka. Lakini siku ya kura wazee walishika karatasi, wakaona taa, hawajui ni ya nani. Wakaona ngazi, wakasema, 'Hii ni ya Kanchoro!' Nani aliwafundisha? Huyu mama. Alizunguka kwenye visima vyote akiwafundisha!"

Uwanja mzima ukalipuka kwa kicheko. Wengine walipiga makofi. Kanchoro mwenyewe alicheka mpaka akafuta machozi, akaketi. Kuhusu vibanda hakusema neno.

Asho alirudi kukaa. Kwa kitambo kifupi alihisi raha, kama mtu aliyetua mzigo. Kisha akatazama upande wa kushoto, walikokaa watu wa ukoo wake, akaona hakuna hata mmoja anayecheka. Nurto, mke wa Mzee Kahin, alikuwa anamtazama kama anavyotazamwa mwizi.

Hakungoja baraza liishe. Alienda moja kwa moja kwa mjomba wake, ambaye hakuwa ametoka nyumbani siku hiyo. Alimkuta kwenye kivuli cha ukuta, redio imezimwa, amevua viatu.

"Mjomba, nimekuja wewe usikie kwangu kwanza."

"Nimeshasikia. Kipaza sauti kinafika hadi hapa." "Huo wimbo nani alikuambia uutunge?"

"Ni wewe, mjomba."

"Na kwenye lori ni nani aliyekupandisha?"

"Ni wewe pia."

"Basi mimi sina neno. Nilikuwa nimekaa mbele na dereva, nimejishika mbavu kwa kicheko." Akageuza uso. "Lakini Nurto usimwendee sasa. Yeye ana neno."

Kwa kweli alikuwa nalo, ila alilitunza. Vile vipimo vya kanjo, ilikuja kujulikana, vilikuwa vya mtaro wa maji ya mvua. Kibanda kilisogezwa hatua chache, kikabaki. Wateja wakarudi, hata yule mzee aliyeacha chai nusu, akaomba kikombe kama vile hakuna kilichotokea. Wangui alichomoa ile picha chini ya gunia, akakuta sukari imeigandia, akaitupa.

Lakini Nurto alipomwoza binti yake mdogo mwaka uliofuata, mialiko ilipita Bulla Pesa nyumba kwa nyumba, ikaruka mlango mmoja. Mwimbaji aliletwa kutoka Nanyuki. Kanchoro alialikwa, akakaa kiti cha mbele karibu na Mzee Kahin, na watu wanasema walikula sahani moja.

Jioni hiyo ya harusi Wangui alikuja na ungo wa maharagwe, akakaa na Asho kizingitini wakichambua pamoja. Deqa alikuwa ndani anasoma. Ngoma zilisikika wazi, na juu yake sauti ya mwanamke wa Nanyuki.

"Anaimba vizuri?" aliuliza Wangui, ambaye hakuelewa Kisomali.

Asho alisikiliza kwa muda, mkono ukiwa ndani ya maharagwe.

"Sauti anayo," alisema. "Ila hamtaji mtu yeyote."

"Ana akili," alisema Wangui.

Asho akaokota jiwe dogo kati ya maharagwe, akalitupa nje barabarani, akaendelea kuchambua.