Siku Tornado Iliporuka Jeddah

Miaka ile nilikuwa dereva wa familia moja ya mtaa wa Al-Suwaidi, Riyadh. Nilipewa chumba kando ya geti. Kazi ilikuwa kupeleka watoto shule, kumpeleka madam sokoni, na kungoja. Kungoja ndiko kulikonimaliza. Kiarabu changu kilikuwa cha kazi tu, yalla twende, halas basi, mafi hakuna, na kuna wiki ambazo sikuongea na mtu vizuri ila mke wangu kwenye simu, naye yuko nyumbani Nanyuki.

Sikukuu moja ya taifa tukaenda Jeddah kwa ndugu zake Baba, ndivyo nilivyomwita bosi wangu. Alasiri akaniambia niwashushe ufukweni kwenye maonyesho ya ndege za jeshi. Niliegesha mbali nikarudi kwa miguu. Walikuwa wametandika zulia na kukaa. Hakuna aliyenifukuza, lakini zulia lilikuwa lao. Nikasogea mbele hadi kwenye ukuta wa mawe.

Hapo palikuwa na kikundi cha wanaume wenye kamera ndefu kama mkono wa mtu. Wafilipino, Wapakistani, na mzee mmoja Msudani asiye na kamera, amekalia kigoda cha kukunja. Walizungumza kuhusu ndege kama sisi tunavyozungumza kuhusu wachezaji wa mpira. Mzee akaniuliza kwa Kiarabu cha taratibu, "Unangoja ipi?"

"Sijui, ammi," nikasema, yaani baba mdogo, kwa heshima. "Mimi nimemleta bosi tu."

"Basi kaa. Hizi mpya zikiisha inakuja Tornado. Imezeeka, lakini utaona."

Akaniambia aliwahi kuwa fundi wa kupaka ndege rangi. Akaniambia pia nisiitafute kwa sauti, maana sauti huwa imeachwa nyuma. Nitazame mbele yake.

Ikaja chini juu ya maji, polepole, pua juu, mabawa yamenyooshwa pande zote. Nilidhani itaanguka. Kisha mabawa yale yakaanza kurudi nyuma yenyewe, kama mwewe anayemshukia kifaranga, na ikapita mbele yetu kabla mlio haujatufikia. Mlio ulipofika niliusikia kifuani. Ikapinda, ikasimama wima, ikapanda na moto mkiani mpaka ikawa nukta. Mfilipino mmoja alikuwa ameshusha kamera, anatazama kwa macho tu. Mzee akanishika bega, akaacha mkono pale.

Tangu niagane na mke wangu, hakuna mtu aliyekuwa amenishika bega. Nikageukia baharini ili wasinione uso.

"Ijumaa huwa tunakutana mtaa wa Bani Malik hapa Jeddah, kwa huyu," mzee akasema, akimwonyesha yule Mfilipino. "Tunakula, tunatazama picha. Njoo."

"Kesho tunarudi Riyadh, ammi."

Akaniomba namba ya simu.

Njiani kurudi watoto walilala, madam akawa kwenye simu yake. Maneno yalikuwa yamenijaa mdomoni. Mwishowe nikasema, "Baba, ile Tornado ilikuwa kitu."

"Ipi?"

"Ile ya mabawa yanayorudi nyuma."

"Aa. Ndiyo, nzuri," akasema, akaongeza sauti ya redio.

Nilipompigia mke wangu nilijaribu kumweleza. Akasikiliza, kisha akacheka. "Umeenda Saudia kutazama ndege za jeshi? Si hapa Nanyuki zinatupigia kelele kila siku?" Sikuweza kumwambia lililobaki.

Ijumaa yule Mfilipino, akiwa amepewa namba yangu na mzee, alinitumia picha ya ndege ikipanda na moto wake. Mzee naye akawa ananitumia ujumbe wa sauti, akisema polepole ili nielewe: leo joto kali, leo hakuna kilichoruka, wewe u mzima? Nilikuwa nausikiliza garini nikingoja watoto. Siku moja ukaacha kuja. Niliuliza, Mfilipino akajibu kwamba ammi amerudi Sudan moja kwa moja.

Sikukuu iliyofuata familia ilisafiri nje ya nchi, nikaachwa nilinde nyumba. Nikasikia ndege upande wa mjini, nikakimbia kupanda darini. Majengo yalikuwa yameziba. Niliona moshi wake wa rangi tu. Nilikaa kando ya tangi la maji mpaka ukatawanyika, kisha nikashuka kuosha gari.