Majirani Walioapa Kwamba Verdiana Hana Kitu

Mficha uchi hazai, walisema wahenga. Huku Matongo methali hiyo huvaliwa kinyume: asiyeficha ndiye asiyezaa. Ng'ombe akihesabiwa kwa kidole hudhoofika, na mtu akitaja bei ya ulezi aliouza, karani wa kodi huisikia kabla ya mkewe.

Saa kumi na mbili asubuhi. Umande haujakauka kwenye majani ya mtama, na Verdiana Marwa amekwisha kukaa kwenye kigoda nje ya nyumba yake, akiufuata mwanga. Gauni la bluu liko magotini. Subana ya chuma iko kidoleni. Sindano inazama na kuibuka, na kila anapovuta uzi, kiwiko chake hufika mbali hata kuku wanakimbia.

"Mikono yangu ndiyo cherehani," anasema bila kuinua macho. "Ila cherehani hii huumwa mgongo."

Ushonaji alifundishwa na masista wa misheni alipokuwa msichana. Hakudhani ungekuja kumlisha. Lakini miaka minne iliyopita mumewe, Marwa, aliingia kwenye shimo la dhahabu na hakutoka akiwa hai. Verdiana alimshonea sanda kwa kitambaa cha marekani alichokuwa amekinunua kwa ajili ya shati la mume huyohuyo.

"Kilikuwa kimekwisha kukatwa," anasema. "Mikono huku, kifua huku. Nikaviunga vipande tena."

Tangu hapo anashona. Mwezi ukiwa mzuri hupata kama shilingi thelathini, ingawa si zote huja kwa sarafu. Wapo wanaolipa kwa kuku, wapo wanaolipa kwa ulezi, na wapo wanaolipa kwa salamu.

Mwaka huu shule ya misheni imetangaza kuwa inatafuta fundi wa kushona kaptula za wanafunzi kabla ya Januari. Mwalimu mkuu alimwambia waziwazi: kazi ni yake, akiwa na cherehani. Kwa sindano ya mkono Januari itamkuta kwenye kaptula ya kumi.

Liko duka moja mjini Tarime linalokopesha cherehani. Mteja hutoa arubuni ya shilingi themanini, kisha hulipa kidogo kidogo kila mwezi. Arubuni Verdiana alikuwa nayo. Lilibaki sharti moja: duka halimkopeshi mtu mpaka lijue anapata nini.

Anayetumwa kujua ni Athuman, mzaliwa wa Tarime, mwenye kofia ya kitani na baiskeli inayolia kama bata.

"Mkopaji nikimwuliza mwenyewe, atajisifu," anasema Athuman. "Kwa hiyo mimi huwauliza majirani. Jirani hana sababu ya kukusifia."

Hilo ni kweli mjini. Matongo ni kwingine. Athuman alifika Oktoba amevaa kaptula ya kaki, kalamu mfukoni, akiuliza kipato cha mjane. Huku, mtu wa kaki anayeuliza kipato cha jirani yako ni mmoja tu: wa kodi.

Naye Verdiana hakuwa amemwambia yeyote habari ya cherehani. "Nani hutangaza mimba changa?" anauliza.

Athuman alianza kwa Regina, jirani wa ukuta kwa ukuta.

"Yule? Masikini wa Mungu," Regina akajibu. "Hata sindano ameazima."

"Na gauni hilo zuri ulilovaa, nani amekushonea?"

"Nililikuta."

"Ulilikuta wapi, dada?"

"Kwa marehemu shangazi."

Akaenda kwa Heche, kaka wa marehemu Marwa, ambaye ndiye mkuu wa boma. Heche akamwapia kwamba shemeji yake hana hata kuku.

"Na hawa hapa mlangoni kwake?"

"Hao wanapita tu."

Mama mkwe, Bibi Nyangi, ndiye aliyemaliza kazi. Baada ya kuitikia shikamoo ya mgeni alikaa chini na kufuta machozi kwa pindo la nguo yake. "Mura," akasema, akimwita kijana kwa Kikurya, "mke wa mwanangu analala njaa. Kama una chochote mfukoni, mwachie." Athuman akatoa senti hamsini zake mwenyewe, akaondoka ameinamisha kichwa.

Jioni ile kicheko kilizunguka boma zima. Karani wa kodi, walisema, amefukuzwa kwa machozi na bado ametoa sadaka.

Siku chache baadaye baiskeli ikalia tena njiani. Athuman alimkuta Verdiana kwenye kigoda chake.

"Mama Matiko, sijapata kuona mtu anayependwa kama wewe," alimwambia, akimwita kwa jina la mwanawe. "Majirani wamekulilia mpaka nami nikalia. Sasa tajiri wangu anasema maskini wa namna hii hakopesheki."

Verdiana akaweka sindano chini. Ndipo alipojua.

"Nilicheka kwanza," anakumbuka. "Kisha nikaingia ndani nikafunga mlango. Nilitaka kuwachukia nikashindwa. Utamchukiaje mtu aliyekulinda? Lakini walikuwa wamenilinda mpaka wamenizika."

Athuman alimwonea huruma, akamwomba amwonyeshe mali yoyote aipeleke kama ushahidi. Mali ipo. Verdiana ana mitamba wawili, nao wanalishwa katika zizi la rafiki wa marehemu mumewe, kama desturi ilivyo, ili ugonjwa au wezi wasimalize ng'ombe wote mahali pamoja. Hakukubali kumtaja rafiki huyo.

"Nikimtaja nimelifungua zizi lake, na yeye hakukopa cherehani," anasema. "Nikamwambia yule kijana: mali yangu haifungwi kamba, inatembea. Jumapili njoo kanisani, usimame mlangoni."

"Mimi ni Mwislamu, mama."

"Nimesema mlangoni."

Jumapili misa ilipotoka, Verdiana alikuwa amesimama nje kando ya Athuman. Regina akatoka katika lile gauni la shangazi.

"Regina," Verdiana akaita, sauti yake ikatangulia mbele ya watu wote, "gauni hilo nani ameshona?"

Regina akatazama kaki ya mgeni, akatazama chini. "Usiniulize hapa, mama."

"Nakuuliza hapa. Huyu si mtu wa kodi. Huyu ni mtu wa cherehani. Mkinificha leo, kaptula za watoto wenu zitashonwa Musoma."

Hatimaye Regina akainua pindo la gauni, akalipindua watu wauone mshono. "Ameshona huyu," akasema. "Nilimlipa shilingi sita. Shangazi yangu yu hai, Mungu anisamehe."

Hapo wengine wakafunguka. Mmoja akaonyesha ukosi wa shati, mwingine blauzi ya bintiye. Athuman akawauliza kila mmoja alilipa nini, na mzee aliyejibu "jogoo" akazomewa kwa sababu jogoo yule, walisema, alikuwa kilema. Bibi Nyangi alitoka wa mwisho. Gauni lake la kahawia lilitosha kujieleza. Alipita katikati yao, na tangu siku hiyo hajasema neno na mkaza mwanawe.

Sababu anayo. Miongoni mwa waumini alikuwapo karani wa kodi, yule wa kweli, naye masikio yake hayakuwa yamebaki kanisani. Wiki mbili baadaye Heche aliitwa barazani akaongezewa kodi. Karani alisema kipato cha mjane ni kipato cha boma.

Wanaume wa ukoo wakakutana. Uamuzi ukawa huu: Verdiana atoe mbuzi, apige magoti mbele yao, aseme amekosa.

"Umetuvua nguo mbele ya serikali," Heche alimwambia.

"Nimewavua?" alijibu. "Shemeji, shati ulilovaa nimeshona mimi."

Duka limekubali. Athuman alileta jibu mwenyewe, na Verdiana akamrudishia zile senti zake hamsini. Cherehani inatarajiwa kufika mwisho wa mwezi huu. Ndani ya nyumba, chini ya dirisha, amekwisha kuiandalia mahali na kupasiriba kwa udongo mpya. Kaptula zikikamilika, anataka kumfundisha kazi binti wa Regina, na baada yake wajane wengine wa mashimo, maana Matongo haina uhaba wa wajane.

Lakini kigoda cha Bibi Nyangi, ambacho zamani kilikuwa kando ya chake kila asubuhi, sasa kimehamishiwa upande wa pili wa nyumba. Verdiana hukitazama kila anapomaliza uzi. Hivi sasa amemaliza mmoja, anaukata kwa meno.

"Ile kodi iliyoongezeka nitamsaidia shemeji kuilipa, ni haki yake," anasema. "Mbuzi wakimtaka, yule pale, wamfungue. Na mama mkwe wangu nitampelekea maji kila siku hata asiponijibu. Lakini kupiga magoti niseme nilikosa? Sikukosa. Siombi radhi."