Likizo yangu imeishia kwenye samadi

Leo mdomo wangu umeninyima likizo.

Nafanya kibarua cha bustani hapa Ngara, kwa mama wa Kizungu anayehudumia wakimbizi kambini. Alipanga kwenda kwao na watoto wake wawili, wakateleze kwenye mlima wa theluji.

Wakiondoka, mimi naenda nyumbani Kasulu wiki mbili. Sijamwona mke wangu tangu masika!

Asubuhi nikamkuta mama anasitasita.

"Baba Neema, Lina ana miaka minne tu, na huyu mdogo bado ananyonya. Naogopa huo mlima."

Nikaona likizo inaota mabawa.

"Mama Lina, usiogope! Watoto wa huku wanateleza mlimani wamekalia kipande cha mgomba. Mbona wazima?"

"Hebu nionyeshe."

Basi, mtu mzima na ndevu zangu, nikakalia mgomba kwenye mteremko nyuma ya nyumba.

Nilishuka kama jiwe. Nikatua kwenye lundo la samadi, miguu juu.

Lina akapiga makofi. "Tena! Tena!" Hata kichanga alicheka.

Mama akafurahi kweli.

"Sasa twende mbali kutafuta nini? Likizo tutakula hapahapa. Wewe utawafundisha."

Jamani, mke wangu nimwambieje? Nipeni maneno.

Anayecheka, kesho aje anisaidie kukata migomba.