Betri Ina Njaa

Ukitaka kucheka, cheka sasa umalize, kwa sababu nikishaanza sipendi kukatizwa. Haya sikuhadithiwa na mtu. Yalinipata mimi mwenyewe, kwetu Kiuyu, miaka ya vita kuu ya pili, nilipokuwa dereva na fundi wa daktari mmoja wa Kizungu.

Daktari yule alikuwa na gari la ajabu kwa wakati ule. Nyuma alilijengea chumba cha mbao: kitanda, jiko la mafuta ya taa, taa ya umeme darini, mlango wenye pazia. Alizunguka nalo vijijini akitibu na kulala humo humo, na watu wakaliita nyumba ya magurudumu. Siku ninayoisema alikuwa amepanda meli kwenda Unguja, akaniachia nilirudishe gari Chake Chake. Nikapita kwanza kumwangalia dada yangu Mize, aliyekuwa na mimba yake ya kwanza.

Nilimkuta na uchungu tangu alfajiri. Ilipofika alasiri mkunga wetu, Bi Mwanakombo, akanitoa nje.

"Mtoto kakaa vibaya, mwanangu. Mpeleke hospitali. Mie hapa n'shafika mwisho."

Tukamlaza Mize kwenye kitanda cha daktari. Nikawasha gari, kimya. Nikapiga hendeli ya kuzungushia injini mpaka mabega yakaniuma, vijana wakasukuma mpaka wakahema, wapi! Gari lile bila betri halitoi cheche, na betri ilikuwa imekwisha kabisa.

Usidhani nilikuwa fundi wa kubahatisha. Nilianza palipo rahisi. Vichwa vya betri vilikuwa na unga mweupe. Nikavikwangua, nikavifunga upya. Waya unaoshika bodi ulikuwa mzima. Mkanda wa dainamo, ile inayoijaza betri, umekaza, burashi zake hazijalika. Nikakumbuka taa ya chumbani, maana mara nyingi mwizi wa chaji ni taa iliyosahauliwa, nikaichomoa. Nikafungua vizibo vya betri, maji yamefunika sahani zote. Ubaya sikuuona. Na hata ningeuona, wakati ule wa vita spea ningeipata wapi?

Wanaume wakaenda kusali magharibi. Nikabaki nimechutama ubavuni mwa gari, betri mbele yangu kwenye sanduku lake pale pale garini, taa ya chemli pembeni, Mize analia ndani na Bi Mwanakombo anambembeleza. Upande wa pili, mlangoni, nikasikia: "Hodi."

Kwetu sisi, jua likishazama, hodi ya kwanza haiitikiwi. Unangoja ya tatu, kwani wale wasio watu hawabishi mara tatu. Kila mtoto anajua. Lakini nani aliwahi kupigiwa hodi kwenye gari? Akili yangu ilikuwa kwenye betri, mdomo ukajibu wenyewe: "Karibu."

Akazunguka mwanamume wa makamo, kanzu nyeupe, kofia ya viua. Sikumjua, na Kiuyu hapakuwa na mtu nisiyemjua. Hakunisalimu. Akatia kidole ndani ya betri, akakilamba. Tindikali hiyo! Suruali yangu ilikuwa matundu matupu kwa matone yake. Yeye yalimdondokea kwenye kanzu, na kanzu haikufanya kitu.

"Betri hino haijafa, yakhe," akasema. "Ina njaa. Mie n'taijaza. Lakini cha kujazia lazima kitoke pahala. N'chukue kwako, au kwa huyo alolala ndani?"

Wakati huo huo Mize akanyamaza. Umewahi kumsikia mgonjwa anayelia akinyamaza ghafla?

"Kwangu," nikasema. "Chukua kwangu, fanya haraka!"

Akaniambia nishike kichwa kimoja cha betri. Yeye akashika cha pili, na kwa mkono uliobaki akanishika wangu. Joto likanitoka kuanzia nyayo kupanda juu, taratibu, kama maji yanavyotoka kwenye debe lililotoboka. Amini usiamini, haikuuma hata kidogo.

"Wasema na nani huko?" Bi Mwanakombo akauliza, akifunua pazia. Nikageuka kumjibu. Nilipotazama tena, hapakuwa na mtu. Nikapiga hendeli mara moja, gari likanguruma.

Niliendesha mpaka Chake, nikaanguka mlangoni mwa hospitali. Mize alijifungua usiku ule, mtoto wa kike, wote wawili wazima, alhamdulillahi. Na betri ile haikuisha chaji tena mpaka gari likafumuliwa baada ya vita.

Niliyekwisha ni mimi. Tangu siku ile, jua likizama miguu inapoa, kisha mikono, na kabla ya isha nimelala popote nilipo. Unichome kwa kaa la moto, siamki mpaka alfajiri. Nimesomewa, nimefukizwa, nimenyweshwa maji ya makombe yaliyoandikwa aya, hakuna kilichosaidia. Mpwa wangu yule ameshaolewa. Ngoma zilipigwa usiku kucha, na nasikia bibi harusi alipendeza mno. Asubuhi yake nililia kama mtoto.

Kwa hiyo wewe unayenisikiliza, mgeni akija kukuuliza achukue kwako au kwa mtu wako, sikwambii umkatalie. Muulize kwanza atachukua kiasi gani. Mimi sikuuliza. Mize alikuwa amenyamaza.