Kusuka Transfoma kwa Rozari

Katika wilaya yote ya Mbinga sijasikia mtu mwingine anayeweza kusuka upya transfoma ya amplifaya ya taa. Sijisifu, ndivyo ilivyo. Wapo wanaosuka mota za mashine za kusaga, na wanasuka vizuri, lakini mota haipelekwi mbele ya askofu. Mimi nina diploma ya umeme, nimefanya kazi Dar es Salaam miaka kumi na moja, na niliporudi Mkumbi nilirudi na sanduku zima la vifaa vyangu.

Kazi iliyonipa jina ilikuwa ya mjomba, kaka wa mama yangu, mpiga gitaa wa kwaya. Amplifaya yake ni ile ya zamani, yenye taa za kioo ndani, aliyoachiwa na padre mmoja wa kizungu. Kwa miaka mingi ilivuma kama mzinga wa nyuki. Kisha transfoma ikaanza kutoa moshi. Kwaya ilikuwa imealikwa Lipingo, ziwani, ambako askofu angetoa kipaimara, na kamati ikamwambia mjomba wazi kwamba chombo kikivuma huko, watanunua kinanda, naye ahamie kwenye waimbaji wa besi.

"Mpwa wangu," akaniambia, "mimi kuimba siwezi. Wanalijua hilo."

Nilimwambia akalale.

Nilifungua transfoma, nikatoa bati zake moja moja, nikakata koili iliyoungua. Koili kubwa ilitaka mizunguko mia saba ya waya mwembamba wa shaba, na mashine yangu ya kusukia, niliyoiunda kwa pedeli ya baiskeli, haina kihesabio. Nilitegemea kichwa. Kichwa changu kina diploma.

Kosa langu lilikuwa kukaa barazani, kufuata mwanga. Baraza letu linatazama njia ya sokoni, na kwetu mtu hapiti mbele ya mwenzake kimya. Nilipofika mzunguko wa mia mbili na kumi na tatu, akapita mzee mmoja. Shikamoo. Marahaba. Habari za tangu juzi, mama hajambo, kahawa imeiva, mbona umekonda? Aliponiacha, sikujua kama nilikuwa mia mbili au mia tatu. Nikafumua, nikaanza upya. Akapita katekista. Nikafumua. Wakapita kinamama watatu, na kila mmoja akataka salamu yake. Kumnyamazia mtu mzima eti unahesabu ni kuitisha kikao cha ukoo.

Mama alikuwa pembeni akichambua kahawa.

"Wewe zungusha, uwajibu watu," akasema. "Mimi nitahesabu."

Akaleta rozari. Nikamweleza kwamba chuoni hatukufundishwa hivyo.

"Huko chuoni mlikuwa mnasalimiwa?"

Punje hamsini, mara kumi na nne. Hesabu ilikaa sawa kabisa. Shida ni kwamba mama hawezi kusogeza punje bila kuisali. Mzunguko mmoja, Salamu Maria moja. Kwenye Baba Yetu nilisubiri nimekaza waya usilegee. Mjomba akaja kuchungulia.

"Dada, si uifupishe kidogo?"

"Sala haifupishwi. Nenda kafanye mazoezi ya besi."

Tulianza baada ya uji, tukamaliza ugali ukiwa mezani. Koili ndogo nilizisuka kesho yake. Kisha ikaja sehemu ya kitaalamu. Mlio ule mwingi hutokana na bati kutetemeka, kwa hiyo nilizibana kwa boliti, nikaichovya transfoma nzima kwenye vanishi na kuiacha juani mpaka ikakauka. Nikaiwasha kwanza kwa kuipitishia umeme kwenye balbu, ili kama kuna hitilafu isiungue tena, kama inavyotakiwa. Nikaweka sikio. Kimya.

Lipingo kanisa lilijaa mpaka nje. Mjomba akachomeka amplifaya, akainama kusikiliza. Miaka yote alijua imewaka kwa sababu ilivuma. Sasa haikuvuma. Akanitazama kwa uso wa mtu aliyekwisha hamia kwenye besi. Nikamwinulia dole gumba kumwambia mambo safi. Yeye akaelewa ninamwambia apandishe sauti. Akapandisha hadi mwisho.

Askofu alikuwa amenyoosha mikono juu ya watoto. Kwaya ikaanza, mjomba akapiga nyuzi zote sita kwa mara moja. Vioo vya madirisha vililia. Askofu akashika kofia yake, akasubiri masikio yatulie.

"Siku ya Pentekoste pia Roho Mtakatifu hakuja kimya," akasema. "Mpiga gitaa, endelea, ila mimi ni mzee."

Kanisa likacheka, mwenyekiti wa kamati akicheka kuliko wote. Habari ya kinanda ikaishia hapo.

Njiani kurudi, mama alikuwa ameipakata amplifaya.

"Hiki kitaa chekundu cha mbele kazi yake nini?"

"Kuonyesha kwamba imewaka."

"Mbona hakiwaki?"

Balbu yake ilikuwa imekufa miaka mingi, na sikuwa nimeitazama.

"Mizunguko mia saba ilikuwa yangu, na ilitimia," mama akasema. "Hicho kilikuwa chako."